Mkate wa Bei Ileile

Fundi bati alikuwa amepiga magoti nyuma ya bekari, kwenye kivuli cha ukuta, na mikebe ya kuokea mikate ilikuwa imepangwa mbele yake. Aliuchukua mmoja, akaugeuza, akaugonga kitako kwa kifundo cha kidole, akausikiliza.

"Niinue kiasi gani, shemeji?"

Mama Mikate alikuwa amesimama mlangoni akijifuta unga mikononi. Alitazama huku na huku, ingawa nyuma pale hapakuwa na mtu ila paka wa jirani.

"Upana wa kidole."

"Kidole kipi?"

Alikitazama kiganja chake kwa muda, kama mtu aliyeambiwa achague cha kukatwa. Kisha akamwonyesha kile cha mwisho, kidogo kuliko vyote.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Fundi alikata vipande vya bati, akavipachika ndani ya mikebe juu ya vitako vya zamani, akavikaza kingo kwa nyundo mpaka usingejua kwamba chini yake kuna uwazi. Kwa nje mkebe ulibaki vilevile. Mkate ungetoka humo na urefu uleule, upana uleule, na mgongo wake wa kahawia ukiwa umeumuka vizuri. Ungepungua kimo tu, na hakuna anayekwenda kununua mkate na rula mkononi. Ujira wa fundi ulikuwa mkate mmoja kila asubuhi. Ndivyo alivyolipwa tangu enzi za kaka yake, marehemu mume wa Mama Mikate, na hakuna aliyeona sababu ya kubadilisha.

Mkebe mmoja haukuguswa. Ulikuwa mzito, umebonyea pembeni, wa kwanza kabisa kununuliwa na mama yake Mama Mikate, ambaye ndiye aliyeianzisha bekari ile kabla mikono haijamkatalia kukanda. Mama Mikate aliuficha nyuma ya magunia ya unga. Alijiambia kwamba anauhifadhi kama kumbukumbu. Ukweli ni kwamba aliona haya kuuingiza kwenye siri ile.

Tusimwonee. Unga ulikuwa umepanda, hamira imepanda, mafuta yamepanda, umeme ndio usiseme. Hata karatasi ya kufungia mkate, ambayo mteja huitupa kabla hajafika kwake, nayo ilikuwa imepanda. Halafu pale kwenye njia panda likafunguliwa duka kubwa lenye milango inayojifungua yenyewe, na ndani yake mikate iliyokatwa tayari, kwenye mifuko inayong'aa. Mama Mikate alijaribu kupandisha bei mara moja tu. Alifuta ile ya zamani iliyoandikwa kwa rangi ukutani juu ya dirisha la kuuzia, akaandika mpya. Siku hiyo wateja walimsalimia vizuri sana, wakamuuliza hali ya mama, wakasoma ukuta, wakapita. Jioni mikate ilikuwa imekauka rafuni. Kesho yake akairudisha bei ya zamani, kisha akamwita shemeji yake.

Wa kwanza kupungua alikuwa Mwalimu. Huyu alikuwa mzee mstaafu, mteja wa kila asubuhi, mtu wa shati lililopigwa pasi hata kama hana anakokwenda. Kando ya dirisha la kuuzia kulikuwa na msumari ambao alizoea kutundikia mwavuli wake wakati akipapasa mfukoni. Asubuhi moja aliuinua mwavuli, ukaukosa msumari. Akajaribu tena akiwa amesimama kwa ncha za vidole. Akakohoa.

"Mama Mikate, huu msumari wako uteremshe kidogo. Siufikii tena."

"Nitauteremsha, Mwalimu."

"Na mkate mmoja."

Aliuteremsha mchana huohuo. Baada ya muda akauteremsha tena, na tena, mpaka ukuta ukawa na mstari wa matundu yanayoshuka.

Mtaa mzima ukafuata. Kinyozi alichonga ubao wa kuweka juu ya kiti ili vichwa vya watu wazima vimfikie. Kwa fundi cherehani kulikuwa na foleni ya suruali za kupunguzwa miguu na magauni ya kupandishwa pindo, na kwa mara ya kwanza tangu nguo za mitumba zijae sokoni, mwanamke yule alisikika akiimba. Hakuna aliyeitisha mkutano kuhusu suala la kimo. Watu wana mambo mengi, na hilo lilikuwa moja tu. Walisema ni maisha haya, wakakunja mikono ya mashati yao, wakaendelea na shughuli. Waliohamia mkate wa duka kubwa hawakupungua. Wao walikuwa wepesi. Siku za upepo ungewaona wakitembea wameshikana mikono, na wenye akili zao walitia mawe mfukoni kabla ya kutoka nyumbani. Kwa hiyo huwezi kusema kwamba wale walikuwa wamechagua vizuri zaidi.

Mama Mikate aliyaona yote na akajitia hamnazo. Yeye mwenyewe hakuwa akila mkate. Harufu yake ilimkinaisha tangu ujanani, na asubuhi alikunywa chai kavu akiwa amesimama. Lakini mama yake alikula. Kila asubuhi bibi kizee huyo alikaa kwenye kiti chake karibu na mdomo wa tanuri, akachovya vipande viwili kwenye chai, akatafuna polepole huku akiwakagua wateja kwa jicho la mwenye mali.

Siku moja Mama Mikate alipita na trei, akaona miguu ya mama yake inaning'inia. Haikugusa sakafu. Kandambili moja ilikuwa imedondoka.

"Kiti hiki kimekua," mama akasema, akacheka.

Mama Mikate alicheka pia. Akaenda kuleta kreti ya soda tupu, akaiweka chini ya miguu ya mama, akaiokota kandambili na kumvika. Alipoinuka roho ilikuwa ikimsuta vibaya mno, na kichwa chake kikagonga kizingiti cha juu cha mlango, mlango aliopita tangu utotoni bila kugonga kitu. Alijipapasa utosini. Hakuota uvimbe. Alikuwa ameongezeka upana wa kidole, kile cha mwisho.

Alipiga moyo konde akaenda kwa mwenye ghala la unga.

Lilikuwa ghala la kawaida la mabati, ila paa lake lilikuwa limeinuliwa mara kadhaa, na kuta zilionyesha rangi tofauti pale zilipoungwa. Wapakiaji mizigo, watu wadogo waliopanda magunia kwa ngazi, walimwelekeza ndani. Mwenye ghala alikuwa amesimama katikati. Mama Mikate aliona viatu vyake, soksi zake safi, na suruali hadi magotini. Kuanzia pale kwenda juu kulikuwa na giza la dari na vumbi la unga. Akaongea na magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu sana." Sauti ilitoka juu kabisa, ya upole. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo kidogo. Mzee, nimekuja kuhusu bei. Nipunguzie kidogo tu. Watu kule kwetu wanapungua."

Magoti yalisogea. Ilionekana anafikiri.

"Nakuelewa, mama. Si wewe tu, wote wanakuja. Lakini na mimi nanunua. Hao wanaoniuzia, nakuapia, naongea na viatu vyao. Magoti yao sijawahi kuyaona."

Hakusema kwa ubaya. Aliagiza Mama Mikate apewe soda, na mgeni wake alipoaga akamwambia kwa masikitiko kwamba kuanzia wiki ijayo unga utapanda tena.

Fundi bati alipokuja mara ya pili alibebesha mtu sanduku lake la vifaa mpaka mlangoni. Alikuwa amefika kiunoni kwa Mama Mikate. Nyundo yake ya zamani alikuwa amemwachia seremala, na sasa alitumia ndogo ya fundi viatu. Hakupiga tena magoti ili kuifikia mikebe, alisimama tu.

"Kidole kipi, shemeji?"

"Cha shahada."

Fundi aliushika mkebe kwa mikono miwili, akatazama ndani.

"Shemeji, mimi ni wako, sikufichi. Tukiinua kiasi hicho, ukija kunihitaji tena hata hii nyundo sitaiweza."

Hapo ndipo angeweza kusema, basi, acha. Neno lilikuwa mdomoni. Alifikiria mkopo wa tanuri, magunia, duka lenye milango inayojifungua yenyewe, na mama yake ambaye pasipo bekari asingekuwa na pa kukaa asubuhi. Alifikiria pia kumlipa shemeji yake kwa kitu kingine kisicho mkate, na akaona kwamba hana kitu kingine.

"Inua," akasema, akaingia ndani haraka ili asisikie nyundo. Aliisikia.

Kufika hapo magauni yake yote yalikuwa yanamwishia magotini. Akaenda kwa fundi cherehani, mtu pekee mtaani ambaye alikuwa na vitambaa vya kumwaga.

"Kukupunguzia?" fundi cherehani akauliza kwa mazoea, kisha akamwangalia kuanzia chini mpaka juu, safari ndefu. "Aa. Wewe ni wa kuongeza."

Alimwongezea pindo kwa mabaki aliyokata kwa wengine. Hakutaka kitambaa kizuri kiende bure, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Mama Mikate alirudi nyumbani na gauni lenye mikanda mikanda kuanzia magotini kwenda chini: ule wa kijivu ulitoka kwenye suruali ya Mwalimu, ule wa bluu kwenye ovaroli la shemeji yake, na wa mwisho, wenye maua ya njano yaliyofifia, ulitoka kwenye gauni la mama yake. Kila alipopiga hatua ulimgusa kifundoni.

Kikundi cha wafanyabiashara wa mtaa kilikuwa na kawaida ya kukutana Jumapili alasiri kwenye uwanja wa seremala. Jumapili hiyo Mwalimu, ambaye hakuwa na biashara yoyote lakini hakuna mkutano uliowahi kufanyika bila yeye, alipandishwa juu ya stuli na kuomba kusema machache. Alisema katika hali hii ngumu, ambapo kila kitu kimepaa, kuna mtu mmoja hakuwatupa wenzake. Kuna mtu hakupandisha bei hata siku moja, toa ile siku moja ya kuteleza. Watu wakapiga makofi. Viganja vilikuwa vidogo na makofi yakasikika kama mvua nyepesi.

Mama Mikate alikuwa amekaa chini, kwa adabu, na bado alikuwa mrefu kuliko Mwalimu na stuli yake. Uso ulimwiva. Makofi yalimchoma kuliko matusi yoyote ambayo angeweza kutukanwa, na akajikuta anasema kwa sauti:

"Mkate nimeupunguza mimi. Nimeinua vitako vya mikebe. Mmepungua kwa sababu yangu."

Kinyozi alijikuna sikio.

"Tunajua," akasema fundi cherehani.

"Mnajua?"

"Mama Mikate, tuna macho. Mkate tunaushika kila siku." Fundi cherehani alicheka kwa aibu. "Mimi mwenyewe uzi siku hizi nashona mshono mmoja palipotakiwa miwili. Ndiyo maana magauni yako yanafumuka."

Kinyozi alisema yeye dawa ya kusafishia mashine anaichanganya na maji. Seremala alisema mbao zake siku hizi ni nyembamba, na kwa kuwa watu wenyewe ni wepesi hakuna kitanda kilichovunjika. Walisema bila kinyongo, kwa zamu, na wengine walionekana kupumua vizuri baada ya kusema. Mwalimu alitangaza kwamba mjadala umekuwa wa manufaa, akashushwa kwenye stuli. Ajenda ikahamia kwenye taka.

Mama Mikate alitembea kurudi nyumbani akiwa na hatia yake yote. Alikuwa ameipeleka mkutanoni ili wamhukumu, nao wakamrudishia kwa heshima.

Siku iliyofuata aliutoa ule mkebe nyuma ya magunia, akausugua, akaupaka mafuta, akakanda unga kama alivyofundishwa, bila kubana. Mkate uliotoka ulikuwa mrefu kiasi kwamba hakukumbuka kama mikate iliwahi kuwa hivyo. Aliuweka mezani mbele ya mama yake. Mama sasa alikuwa anakalia meza yenyewe, kikombe cha kahawa kikiwa ndio birika lake, na khanga moja ikimtosha kwa shuka, pazia na nguo.

Mama aliuangalia mkate. Aliuzunguka kwa miguu, polepole, akiugusa ubavuni. Kwa muda Mama Mikate aliamini kwamba sasa atapata alichokuwa akikitafuta, ama radhi ama kofi.

"Wa nani huu?"

"Wako, mama. Kama ule wa zamani. Nataka ule huu tu kuanzia leo, urudi."

Bibi kizee alikata kipande kidogo kwa mikono miwili, akakitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Akakata cha pili, akakishika, akakirudisha.

"Mtamu," akasema. "Lakini mwanangu, tumbo langu litauweka wapi? Mimi nimeshafika hapa. Mkate wote huu kwa bei ileile? Unaingia hasara. Si nilikufundisha kuoka ili ule, sikukufundisha kutoa sadaka."

"Mama, ni mimi niliyekupunguza."

"Najua ni wewe. Nani mwingine ananiokea?" Akajifuta makombo mdomoni. "Na mimi zamani niliwahi kuongeza maji kwenye maziwa. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unayanywa. Usinililie juu ya mkate, utalowa."

Kilichompendeza ni mkebe. Ulikuwa bado na joto la tanuri, na mifupa yake siku hizo ilikuwa haipatani na baridi. Akaomba alazwe humo apumzike kidogo. Alilala usingizi mzuri mpaka alasiri, na tangu siku hiyo ule mkebe ukawa kitanda chake. Mama Mikate alimtandikia kitambaa cha kufunikia unga, akauweka juu ya rafu iliyo karibu na tanuri, mahali ambapo bibi aliweza kunyanyua kichwa na kuwaona wateja. Wateja walimwamkia humohumo. Yeye aliitikia na kuwauliza watoto wao.

Unga ukapanda kama mwenye ghala alivyosema, na baada ya hapo ukapanda bila yeye kusema. Fundi bati akaitwa mara ya tatu. Safari hii alifika ndani ya kikapu cha fundi cherehani, na nyundo yake ilikuwa ya fundi saa, ambayo aliiinua kwa mikono miwili na kuitua kwa pumzi. Mama Mikate alimweka juu ya kaunta. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea ndani ya bekari kwa kuinama, mgongo ukigusa mabati.

"Kidole kipi, shemeji?"

"Gumba."

Fundi alianza kazi. Siku nzima mlio mwembamba wa nyundo ulisikika bekarini, na mkebe mmoja mmoja ukahamishwa kutoka upande huu wa kaunta kwenda ule. Jioni ilipokaribia, mikebe yote ikawa imekwisha. Ndipo kitu kikagonga bati kutoka rafuni, kwa ndani.

"Na huu," sauti ya mama ikasema.

Mama Mikate akageuka. "Huo unalalia, mama."

"Nalalia, lakini siujazi. Angalia. Nafasi imebaki miguuni, nafasi imebaki juu. Kina chote hiki cha nini? Unga umepanda, nimesikia. Inueni huu nao, asubuhi nikiamka muuokee, usiku mnirudishie."

"Mama, huu hapana."

"Bati ni bati, mwanangu. Usinibembeleze. Fundi, njoo."

Fundi bati alimtazama shemeji yake kutoka kaunta, akangoja. Mama Mikate angeweza kusema hapana mara ya pili. Angeweza pia kuuchukua mkebe, kuurudisha nyuma ya magunia, na kukaa juu ya magunia hayo mpaka kuche. Badala yake akahesabu kimoyomoyo mkate mmoja zaidi kwa siku. Alijiona akihesabu, na akajichukia, na akamaliza kuhesabu.

Akanyoosha mikono, akamtoa mama yake kwenye mkebe pamoja na kitambaa chake, akamkumbatia kifuani wakati fundi akifanya kazi. Mikono yake ilijua kupima bila mizani. Ndiyo kazi iliyoifanya maisha yote. Mama yake alikuwa na uzito wa mkate mmoja. Si wa zamani, wa sasa.

Kazi ilipokwisha akamrudisha. Bibi kizee alijinyoosha, akageuka ubavu huu, akageuka ule.

"Umenienea," akasema, akalala.

Asubuhi Mwalimu alifika kama kawaida. Msumari wake sasa ulikuwa karibu na sakafu, na mwavuli alikuwa ameshaacha kuja nao maana ulikuwa unamburuta. Alipanda kreti ya kwanza, akapanda ya pili, akafika dirishani akihema, shati lake limepigwa pasi. Bei ya ukutani ilikuwa juu mno kwake kusomeka, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kuuliza.

"Mkate bei gani leo, Mama Mikate?"

"Ileile, Mwalimu."

Mwalimu akaufungua mkono wake mdogo, akaziweka sarafu moja moja juu ya kaunta, akaukumbatia mkate kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na machozi ya shukrani, ya kweli kabisa.

"Mungu akuzidishie, mama."

"Amina," Mama Mikate akajibu, akakunja shingo zaidi, maana paa lilikuwa limeshamfikia.